Maji ya Uchakavu kwenye Modeli za Meli: Mifano kutoka Liwatoni

Maji ya uchakavu ni rangi iliyozimuliwa sana kwa tapentaini, thina au maji, ambayo mtengenezaji wa modeli huipaka juu ya rangi iliyokwisha kukauka ili kitu kipya cha plastiki au mbao kionekane kimeshafanya kazi: kimenyeshewa, kimepigwa jua, kimekula chumvi. Jina lake la mkato ni washi. Makala hii inamlenga mtu ambaye hajawahi kuipaka. Mifano yake mingi imechukuliwa Liwatoni, ufuo wa kusini-magharibi wa Kisiwa cha Mombasa unaotazamana na Likoni, kwa kuwa hapo chuma, jua na maji ya chumvi hukutana kila siku mbele ya macho ya mpita njia, na kazi hii haifundishiki vizuri kwa mtu asiyejua chombo kilichochakaa kinafananaje.

Namna yanavyofanya kazi

Rangi ya kawaida hukaa pale brashi ilipoiweka. Maji ya uchakavu hutembea. Ncha ya brashi ikigusa mshono mwembamba kati ya mabamba mawili, maji huufuata mshono yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Huzunguka kichwa cha ribiti, huingia kona ya mlango, kisha hutulia. Thina ikishapaa, chembe za rangi hubaki pale zilipotulia. Mabonde ya modeli huwa meusi kuliko vilima vyake, na jicho huona kina.

Kina hicho ni lazima kisaidiwe kwa sababu modeli ni ndogo mno kuweza kujitilia kivuli. Mlango wa meli wenye kimo cha mita 2, kwa kipimo cha 1:350, hauzidi milimita 6, na mwanya unaouzunguka ni mwembamba kuliko unywele. Bila maji ya uchakavu mlango huo hupotea ukutani. Ukiguswa nayo kidogo unajitokeza, kama jicho linavyojitokeza likitiwa wanja: rangi ya jicho ni ileile, ila sasa lina mpaka.

Wanaoanza huchanganya matumizi matatu ambayo yanafaa yatenganishwe. La kwanza ndilo hilo la wanja, yaani kugusa mishono, kona na ribiti tu kwa ncha ya brashi. La pili ni kupaka modeli nzima au upande mzima kisha kufuta ziada. La tatu ni chujio, rangi iliyozimuliwa hadi karibu isionekane, inayopakwa juu ya eneo zima ili kubadili kidogo sura ya rangi ya chini, mathali kuifanya nyeupe mpya iwe nyeupe ya miaka mitano. Anayeanza ajifunze la kwanza na aliache la pili mpaka mkono uzoee. Modeli nyingi za mara ya kwanza huharibika hapo hapo, mtu akimwaga maji meusi kila mahali kwa kuamini kuwa uchafu mwingi ndio ukongwe.

Asili yake

Wachoraji walizimua rangi karne nyingi kabla ya plastiki. Katika modeli, mbinu hii ilikua pamoja na seti za plastiki zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikiwemo za Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa 1939, na Tamiya ya Japani, iliyoanzishwa 1946. Katika miaka ya 1970 na 1980 Mbelgiji François Verlinden na Mmarekani Sheperd Paine waliwazoesha watengenezaji wengi kuona kwamba modeli safi kama ilivyotoka kiwandani haijakamilika. Baadaye Mhispania Mig Jiménez alikuwa miongoni mwa waliofanya uchakavu kuwa biashara yake yenyewe, ya chupa zilizokwisha kuchanganywa. Leo Tamiya huuza chupa yenye brashi ndani ya kifuniko kwa kazi ya mishono pekee, na Vallejo ya Uhispania huuza za akriliki zinazosafishwa kwa maji. Chupa hizo ni nzuri. Hata hivyo tyubu moja ya rangi ya mafuta ya wachoraji, ya kahawia iliyoiva, na chupa ya tapentaini ya dukani hufanya karibu kazi ile ile kwa modeli nyingi sana.

Liwatoni kama mahali pa kutazamia

Liwatoni ina gati la uvuvi na majengo ya idara ya samaki. Ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipozindua Kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya mwezi Novemba 2018, pamoja na meli yake Doria, yenye urefu wa mita 54 na ushei, iliyoundwa Bangladesh. Kuanzia Januari 2021 daraja la miguu linaloelea lilianza kuwavusha watu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu upande wa Likoni, ili kupunguza msongamano kwenye feri wakati wa janga la korona. Meli kubwa zinazoingia na kutoka Bandari ya Kilindini hupita mkondo huo huo. Kwa mtengenezaji wa modeli, ni vigumu kupata mahali pengine penye vitu vingi vya kulinganisha kwa mtazamo mmoja.

La kwanza la kutazama ni kutu, na la kuuliza ni inaanzia wapi. Haianzi katikati ya bamba lililopakwa vizuri. Huanza pale rangi ilipobanduka au pale chuma kinaposuguana na chuma: kwenye tundu la mnyororo wa nanga, kwenye ukingo wa matundu yanayotoa maji ya sitaha, kwenye mishono ya kuchomelea, chini ya kila pete ya kufungia kamba. Kutoka hapo hushuka. Mchirizi huwa mzito na mwembamba juu, kisha hupanuka na kufifia kadiri unavyokaribia maji. Anayeanza mara nyingi huchora kinyume chake: mstari wenye unene mmoja kuanzia juu hadi chini, kama uzi ulioning'inizwa. Rangi nayo si moja. Kutu mpya huelekea chungwa, ya zamani ni kahawia inayokaribia weusi, na zote mbili hukaa pamoja kwenye mchirizi mmoja, mpya ikiwa pembezoni.

La pili ni mstari wa maji, na hapa Liwatoni inafundisha jambo ambalo picha za vitabuni hazilionyeshi. Wakati wa bamvua, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Nguzo ya gati imesimama, kwa hiyo inabeba alama ya kupwa na kujaa kote: chini mwani na viumbe vilivyoganda, katikati weusi wenye unyevu, juu ukavu wenye weupe wa chumvi. Chombo kinachoelea hupanda na kushuka pamoja na maji; alama yake ni ukanda mwembamba, na ukiwa mpana basi chanzo ni shehena, chombo kikizama zaidi kinapojaa na kuinuka kinapopakuliwa. Vielea vya daraja linaloelea hufuata kanuni hiyo ya chombo. Tafsiri yake mezani ni hii: kwa 1:350, nguzo ya gati inahitaji ukanda wa giza wa karibu milimita 9, na mashua iliyofungwa kando yake inahitaji mstari usiozidi milimita 1. Mandhari yenye kanda mbili zinazolingana ina kosa, na mtu yeyote aliyekulia pwani ataliona hata kama hatajua kulitaja.

La tatu ni alama za kazi. Matairi kuukuu yanayoning'inizwa ubavuni kuzuia kugongana huacha weusi wa mpira, nao huenda juu na chini kwa kuwa ndivyo chombo kinavyosugua gati. Dohani huacha masizi upande wa nyuma, si mbele. Winchi ya nyavu hutoa kutu na grisi kwa pamoja, na grisi hung'aa hata ikikauka. Meli ya ulinzi inayosuguliwa mara kwa mara haichakai kama meli ya uvuvi inayokaa baharini kwa wiki nyingi: kwa ya kwanza hutosha wanja kwenye mishono na michirizi miwili chini ya nanga, ya pili inaweza kubeba mengi zaidi. Kuzipa zote mbili uchafu sawa ni kutozisikiliza.

Bandarini na penye vituo vya usalama kupiga picha kunahitaji ruhusa. Daftari na penseli havina tatizo hilo mtu akiwa kwenye feri ya Likoni, na mchoro wa dakika 2 wa michirizi inapoanzia hufundisha kuliko picha ishirini.

Vipimo

Kabla ya brashi kuguswa, hesabu moja ifanywe. Kwa kipimo cha 1:700, milimita 1 ya modeli ni sentimita 70 za meli. Kwa 1:350 ni sentimita 35. Kwa 1:35, kipimo cha vifaru na malori, ni sentimita 3.5. Mchirizi wa kutu wenye upana wa milimita 1 kwenye lori la 1:35 unakubalika. Ule ule kwenye meli ya 1:700 ni mto wa kutu unaopitika na mtu.

Mfano mzuri ni HMS Warspite, manowari ya Uingereza yenye urefu wa mita 196 hivi, ambayo Academy ya Korea Kusini imetoa seti yake ya 1:350. Mwaka 1942 ilikuwa meli ya amiri wa Jeshi la Majini la Mashariki la Uingereza, ambalo lilihamishia kituo chake Kilindini baada ya Wajapani kushambulia Colombo tarehe 5 Aprili mwaka huo. Modeli yake ina urefu wa sentimita 56 kwa 1:350 na 28 kwa 1:700. Kwenye ile kubwa, mshono wa mabamba hubeba wanja hafifu. Kwenye ile ndogo afadhali mishono ya ubavuni iachwe kabisa, wanja utiwe kwenye milango, mizinga na ngazi tu. Kadiri modeli inavyokuwa ndogo, ndivyo maji yanavyopaswa kuwa mepesi na rangi kuwa hafifu.

Mazingira nayo yana hesabu yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji kuanzia mwishoni mwa 1914 hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Anayeitengeneza kama ilivyokuwa baharini atatia chumvi na kutu. Anayeitengeneza kama ilivyokuwa Rufiji hana budi kutia tope la mto na mikoko, lenye kahawia ya kijivu, likipanda ubavuni kutoka chini. Meli ni ile ile, chupa ni nyingine.

Kazi yenyewe

Rangi ya msingi ikaushwe kwa siku mbili angalau, kisha modeli ipakwe vanishi ya kung'aa. Hatua hii wanaoanza huiruka, nayo ndiyo inayoamua matokeo. Rangi isiyong'aa ina uso wa kukwaruza kama ukuta wa chokaa: maji yakiiangukia hunywewa papo hapo yakaacha doa. Vanishi ya kung'aa ni kama kigae; maji huteleza hadi bondeni, na yaliyokosea njia hufutika. Kwa plastiki iliyopakwa akriliki na vanishi ya akriliki, maji ya rangi ya mafuta au enameli ndiyo salama zaidi, kwa sababu tapentaini haiyeyushi akriliki iliyokauka. Mwenye kukosea anafuta na kuanza tena bila kuathiri kilicho chini. Enameli juu ya enameli ni hatari: thina ya tabaka la juu huamsha tabaka la chini.

Thina ya rangi za magari iwekwe mbali kabisa. Huyeyusha plastiki ya modeli yenyewe. Hata tapentaini ikimwagwa kwa wingi juu ya plastiki tupu, hasa penye viungo vilivyobanwa kwa nguvu, inaweza kuifanya iwe dhaifu ikapasuka.

Kiasi ni sehemu moja ya rangi kwa tisa au zaidi za tapentaini, mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Ikifanana na kahawa ya mabarazani imezidi. Nyeusi tupu iepukwe, kwa kuwa hufanya modeli ionekane imechorwa kwa kalamu. Kahawia iliyoiva hufaa juu ya kijani na nyekundu, kijivu cha giza juu ya nyeupe, na kahawia yenye weusi kidogo juu ya kijivu cha meli. Brashi iwe nyembamba yenye ncha kamili. Ichovywe, ncha iguswe kwenye kitambaa kupunguza mzigo, kisha iguse mshono mahali pamoja tu, maji yaachwe yaende yenyewe. Yakisimama, mguso mwingine unafuata mbele kidogo. Mtu asivute brashi kama anayepiga mstari.

Baada ya nusu saa hivi, ziada ifutwe kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo sana na tapentaini safi. Mwelekeo wa kufuta ni sehemu ya uchoraji. Ubavuni futa kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa ndivyo mvua inavyofuta. Kinachobaki kitakuwa tayari kimefanana na michirizi. Sitahani futa kuelekea matundu ya kutolea maji. Aliyefuta kwa kuzungusha huacha miduara ambayo hakuna mvua duniani iwezayo kuitengeneza.

Kutu hutiwa mwisho, kwa mkono tofauti. Nukta ndogo ya rangi ya mafuta isiyozimuliwa huwekwa kwenye chanzo, mathali chini ya tundu la nanga, kisha brashi bapa, safi, iliyolowa tapentaini kidogo huivuta chini mara moja au mbili. Rangi hufifia yenyewe kuelekea majini. Kahawia ya giza kwanza, ikikauka chungwa kidogo juu yake. Hapo uvumilivu wa siku moja kati ya tabaka na tabaka unalipa sana.

Kazi yote ifanyike penye hewa inayopita, mbali na moto. Mazoezi ya kwanza yasifanywe kwenye modeli. Kijiko cha plastiki kilichopakwa rangi, kikachorwa mishono kwa ncha ya kisu na kutiwa vanishi, hufundisha kila kitu kilichoelezwa hapa.

Hali ya hewa ya pwani

Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya huchukulia hewa baridi na kavu. Mombasa hairuhusu hilo. Wakati wa kaskazi, jua la Januari na Februari hukausha maji ya akriliki kabla hayajatembea, yakaacha ukingo wa doa kama alama ya chai mezani. Tone la kichelewesha ukauko husaidia, na kufanya kazi alfajiri husaidia zaidi. Masika, hasa mwezi Mei, tatizo hugeuka. Vanishi ya kupuliza ikipulizwa siku yenye unyevu mwingi huweza kuganda na ukungu mweupe, na vanishi ya kufifisha mng'ao ndiyo yenye hatari kuliko zote. Kwa kuwa hiyo ndiyo tabaka la kufunga kazi nzima, ni huzuni kuiona ikiharibu wiki mbili za subira. Siku kama hizo vanishi ipakwe kwa brashi au isubiri.

Vyombo vya mbao

Mwambao ulikuwa na maji yake ya uchakavu kabla ya seti yoyote ya plastiki kufika. Jahazi hupakwa sifa, mafuta ya papa, kwenye mbao za juu, na mbao zikazidi kuwa nyeusi mwaka hadi mwaka. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, unaoacha weupe unaobanduka vipande vipande. Waundaji wa vijahazi vya mfano wa Lamu wanazijua rangi hizi kwa kuziona tangu utotoni. Mtu mwenye kijahazi cha mfano anaweza kuzipata kwa chujio la kahawia juu ya mbao, tabaka tatu au nne nyepesi, na kwa nyeupe iliyozimuliwa chini, ikikwanguliwa kidogo ikikauka. Mbao hunywa maji haraka kuliko plastiki, hivyo kwanza zifungwe kwa vanishi nyepesi. Kutu hapa ihusu misumari tu: doa dogo jeusi linalozunguka kichwa cha msumari, bila mchirizi mrefu. Kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa kati ya mbao, ndiyo mishono ya kutiwa wanja.

Chombo hupandishwa chelezo, hukwanguliwa na kupakwa upya, na michirizi yote iliyoelezwa hapa huondoka kwa siku chache. Msomaji anayeishi Ganjoni, Mbaraki au Likoni na anayetaka kutengeneza mfano wa chombo anachokiona leo, akichore leo, upande wa kulia na wa kushoto, aandike na tarehe.